Rozari ya mafundo ya kamba: rivyuu ya mtu anayetembea nayo kila siku

Nianze na hukumu kabisa kwa mwenye haraka. Hii rozari ya kamba ni nzuri, inadumu, inasalika vizuri, na kama unatafuta rozari ya kukaa nayo mfukoni siku zote chukua hii kabla ya zile za cheni zinazong'aa. Ina kasoro na nitazisema, moja inaniuma kweli. Ila kwanza mniruhusu niseme naipima kwa kipimo gani, maana rivyuu nyingi za rozari nazoziona onlaini watu wanasifia rangi, oh imefungwa vizuri kwenye kiboksi, oh imenipendeza shingoni, nyota tano, basi. Hakuna anayesema ameisalia ikawaje.

Mi ukatoliki kwangu sio kitu nachovaa Jumapili halafu nakivua, ndo mimi mwenyewe, ukiutoa sijui utabaki unaongea na nani. Kabla sijajua kusoma, kabla sijawa na kazi wala cheo chochote nilikuwa nimeshabatizwa, na Kanisa linafundisha kwamba Ubatizo unatia rohoni alama isiyofutika, hata dhambi haiifuti, ndo maana mtu habatizwi mara mbili. Mengine yote ninayojitambulisha nayo yamekuja baadaye na yatakuja kuondoka, kazi itafika mwisho, nguvu zitaisha, hata kumbukumbu zinaweza kuisha, hiyo alama ipo. Sasa mtu anayejiona hivyo akienda kununua rozari hatafuti pambo. Anatafuta kitu atakachokishika akiwa na furaha, akiwa amefiwa, akiwa hana hata neno moja la kumwambia Mungu, na siku ya mwisho wamviringishie mkononi wakamzike nacho. Kwa hiyo swali langu kwenye rozari yoyote ni moja tu: je itanifikisha huko au itakatikia njiani?

Basi yenyewe iko hivi. Ni kamba ya nailoni, nene kidogo kuliko uzi wa kiatu, rangi ya kahawia iliyoiva, na haina punje hata moja. Kila mahali ambapo ungetegemea punje pana fundo lililofungwa kwa mkono, yale mafundo ya kuzungusha kamba mara kadhaa halafu unaivuta mpaka inakuwa kama kipipa kidogo kigumu. Yako 59 kama ilivyo kawaida, 53 ya Salamu Maria na 6 ya Baba Yetu, nimehesabu kwa kidole ilipofika kwa sababu kuna rozari huwa zinauzwa na kumi moja, yaani fungu moja la Salamu Maria kumi, ina punje tisa, na ukishazoea kusali bila kuangalia unajikuta unapunguza Salamu Maria kila siku na hujui. Katikati pana medali ndogo ya Mama Maria, ile ya muujiza inayotokana na maono ya Mtakatifu Catherine Labouré kule Paris mwaka 1830, na mwisho kuna msalaba wa mbao. Nitaurudia huo msalaba.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba haina viungo. Rozari za cheni tatizo lake lote liko kwenye vile vikulabu vidogo vinavyoshika punje moja na nyingine, waya ni mwembamba, unavutika kidogo kidogo kila ukiitoa mfukoni, unanasa kwenye funguo, halafu siku moja uko katikati ya fumbo la nne (fumbo ni tukio la Yesu na Mama yake unalolitafakari kwenye kila kumi) unasikia tu imeachia na punje zinakimbilia chini ya mabenchi. Niliwahi kununua moja ya cheni iliyosifiwa sana na muuzaji kwamba ni imara maisha yote, haikufika mbali, na nilipomuandikia akasema nimeivuta sana. Rozari ya kusali itaachaje kuvutwa jamani? Hii ya kamba naivuta, naifinya, nailalia, nimeiosha kwa maji na sabuni ikakauka, iko vilevile. Mafundo hayajalegea hata moja.

Na haipigi kelele. Hili watu hawalisemi lakini anayesali usiku chumbani na wenzake wamelala, au anayekaa na mgonjwa aliyepata usingizi kwa shida, analijua. Cheni inagonga, unajikuta unaishika kwa woga badala ya kusali. Kamba inapita kimya kati ya vidole, na fundo ukilifikia unalihisi lote, lina mikunjo, kidole gumba kinakaa juu yake na hakitelezi. Mimi mwanzoni akili yangu ilikuwa inatoroka kwenye Salamu Maria ya nne au ya tano, inaenda kwenye madeni na meseji ambazo sijajibu, sasa huo ukwaruzo mdogo wa fundo unanirudisha. Sisemi kamba ina nguvu yoyote ndani yake, hapana, nasema mwili nao unasali na unahitaji kitu cha kushika.

Papa Paulo wa Sita aliandika mwaka 1974 kwamba rozari bila kutafakari ni mwili usio na roho, na nadhani hapo ndipo wengi wanaosema rozari ni kurudiarudia maneno wanapokosea, wanasikia midomo tu. Midomo inasema Salamu Maria lakini macho ya moyo yako kwa Yesu, yuko bustanini anatoka jasho la damu, yuko Kana maji yamekuwa divai, yuko mezani na mitume anaumega mkate. Rozari nzuri kama chombo ni ile inayoyapa maneno mahali pa kukaa ili moyo uwe huru kwenda kwenye fumbo. Kwa kipimo hicho hii imefaulu kuliko zote nilizowahi kushika, hata zile za mawe ya bei.

Kuna wanaosema rozari ya kamba inaonekana ya kimaskini, haina hadhi. Kwanza ni kosa la kihistoria, kwa sababu waumini wa zamani waliokuwa hawajui kusoma Zaburi walisali Baba Yetu 150 badala ya Zaburi 150, wakihesabia kwenye kamba na punje, na ndo mizizi ambayo rozari yetu imetokana nayo, ndo maana mafumbo yalipokuwa 15 tu Salamu Maria zilikuwa 150. Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza mafumbo matano, Matendo ya Mwanga, mwaka 2002, idadi ikawa 200 ukisali mafumbo yote 20. Lakini hata tukiacha historia, hadhi ya rozari unaipimaje? Huyohuyo Yohane Paulo wa Pili wiki mbili tu baada ya kuchaguliwa mwaka 1978 alitamka hadharani kwamba rozari ndo sala anayoipenda kuliko zote, na hakuzungumzia imetengenezwa na nini.

Halafu tuwakumbuke waliofia vitu hivi vidogo. Mwenyeheri Isidori Bakanja wa Kongo, kijana mfanyakazi aliyebatizwa mwaka 1906, alikuwa hatengani na rozari yake na skapulari shingoni, vile vipande viwili vya kitambaa vya ibada vilivyoungwa kwa kamba, na ndivyo watu walivyomtambua kuwa ni Mkristo, maana alikwenda kufanya kazi sehemu ambayo hakukuwa na kanisa wala padri. Msimamizi wa kampuni akamwamuru aache mambo ya sala na avue skapulari, akakataa, akachapwa mjeledi mpaka mgongo ukawa kidonda kisichopona, na akafa Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Na Mwenyeheri Joseph Kowalski, padri wa shirika la Wasalesiani huko Poland, alikamatwa mwaka 1941 akapelekwa kambi ya mateso ya Wanazi ya Auschwitz, huko walimkuta na rozari, wakaitupa chini wakamwambia aikanyage. Hakuikanyaga. Walimuua Julai 1942.

Nimesoma habari ya Kowalski mara nyingi na kila mara nasimama palepale. Ingekuwa kwake ni pambo angeikanyaga, kwa sababu pambo unanunua jingine. Ni kamba na punje, Mungu hayumo ndani ya punje, yeye kama padri alilijua hilo kuliko wote, ila aliona kwamba kuikanyaga ni kusema mimi si yule niliyesema ni mimi. Nikiishika hii ya kwangu, isiyo na thamani sokoni, nafikiria angeichukua bila kuiuliza imetoka wapi.

Na kweli rozari inakutambulisha hata usipotaka. Nilikuwa nimekaa mahali nasubiri kuitwa, mkono mmoja mfukoni na kamba yangu humo, mama mmoja mtu mzima aliyekaa kiti cha pembeni akaona vidole vinatembea. Akaniinamia taratibu:

"Mwanangu, uko fumbo la ngapi?"

"La tatu mama."

"Haya, na mimi naingia hapohapo."

Akatoa ya kwake, ya punje nyeupe zilizochakaa mpaka zimekuwa za njano, tukaendelea kila mtu kimya kimya, tukimaliza kumi anatikisa kichwa kidogo tunaanza nyingine. Sikumuuliza jina wala anatoka wapi na yeye hakuniuliza. Tulikuwa ndugu tayari.

Sasa niseme kuhusu huduma ya duka maana nayo ni sehemu ya rivyuu. Oda ilifika kwa muda, paketi ilikuwa safi. Ila kwenye tangazo lao waliandika rozari "imebarikiwa tayari", na kwa hilo nawalaumu. Vitu vilivyobarikiwa havifanyiwi biashara ya baraka, na Kanisa katika kanuni zake za rehema linasema wazi kwamba rehema (kufutiwa adhabu ya dhambi ambazo tayari zimesamehewa) iliyoambatana na kitu cha ibada inakoma kitu hicho kikiharibiwa kabisa au kikiuzwa. Sina ushahidi kama kweli walibarikisha ama waliandika tu kuvutia wateja, vyovyote iwavyo usinunue kwa ajili ya neno hilo. Nunua kama kamba ya kawaida, kisha mpelekee padri au shemasi baada ya Misa, ni dakika moja, anakubarikia kwa sala na maji ya baraka. Niliwaandikia kuhusu hilo tangazo, walijibu kwa adabu kwamba watalitazama.

Na ikishabarikiwa ujue umeshika kisakramenti, yaani kitu kilichobarikiwa cha kukusaidia kusali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1171, inataka vitu vilivyobarikiwa kwa ibada vitunzwe kwa heshima na visigeuzwe matumizi, hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Hapa naomba niseme na ndugu zangu wanaouliza kwenye maoni kama hii ya kamba inafaa kutundika kwenye kioo cha gari au kuvaa shingoni. Inatosha shingoni, kitanzi ni kikubwa. Kuivaa sio dhambi, wapo watawa wanaoivaa rozari kiunoni kama sehemu ya vazi lao, na kuna mtu anaivaa kwa sababu hana mfuko na ndo anavyoikumbuka. Swali ni je unaisali? Kama inaning'inia wiki nzima haijaguswa na unategemea ikukinge na ajali, hapo umeigeuza hirizi, na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inaliita hilo jina lake, ushirikina, kuweka nguvu kwenye kitu cha nje bila moyo uliopaswa kuwepo. Mimi natamani itoke kwenye kioo iingie mkononi, hata kumi moja tu ukiwa kwenye foleni, ila kama ndo unaendesha acha mikono kwenye usukani, sali kwa mdomo tu.

Kasoro sasa.

Ya kwanza, ile inayoniuma, ni msalaba. Ni mbao tupu, vipande viwili, hauna Mwili wa Kristo juu yake. Najua msalaba mtupu nao ni msalaba, lakini sisi tunaanza rozari kwa kuushika ule msalaba na kusema Nasadiki, na tunamaliza kwa kuubusu, na mimi nataka midomo yangu imguse Yeye aliyesulubiwa, sio ubao. Hasa siku za Matendo ya Uchungu, Jumanne na Ijumaa, napofika fumbo la tano nahisi pengo. Mtengenezaji anaweza kusema anapunguza uzito, sawa, lakini kuna misalaba midogo ya chuma yenye Mwili ambayo ina uzito wa sarafu. Kwa rozari ya Mkatoliki hiki sio kitu cha kupunguza.

Ya pili, mafundo ya Baba Yetu hayatofautiani vya kutosha na ya Salamu Maria. Ni makubwa kidogo, na kuna nafasi kidogo kabla na baada, ila kidole kisichozoea kinapitiliza. Siku za mwanzo nilikuwa najikuta nimeingia kumi nyingine bila Atukuzwe Baba wala ile sala ya Fatima ya Ee Yesu wangu. Kidole kikishazoea inaisha, lakini kwa mzee mwenye ganzi vidoleni au asiyeona vizuri naona itamsumbua, huyo mnunulie ya punje kubwa za mbao zilizofungwa kwa kamba, faida za kamba atazipata na punje atazihisi.

Ya tatu ni kikaratasi cha maelekezo. Kina makosa ya chapa na mbaya zaidi kina Matendo ya Furaha, Uchungu na Utukufu peke yake. Matendo ya Mwanga hayapo, na Alhamisi wameiandikia Furaha kama ilivyokuwa zamani. Ni kweli kuna waumini wanaopenda kufuata utaratibu wa zamani na hakuna anayewakataza, lakini mtu mpya, tuseme yuko kwenye ukatekumeni, mafundisho ya kujiandaa na Ubatizo, ataanza kusali bila kujua kuna Ubatizo wa Bwana Yordani, Arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme, kugeuka sura na kuwekwa kwa Ekaristi. Miaka yote ile ya Yesu hadharani imerukwa! Kitupe hicho kikaratasi, fuata kitabu chako cha sala: Jumatatu na Jumamosi Furaha, Jumanne na Ijumaa Uchungu, Jumatano na Jumapili Utukufu, Alhamisi Mwanga.

Ncha ya kamba pale msalabani ilianza kufumuka kidogo, niliichoma na kibiriti ikashikana, imeisha hiyo.

Nani anunue? Kijana anayeanza chuo au kazi mpya mbali na nyumbani, mtu wa kusafiri, mfanyakazi wa mikono ambaye cheni ingemnasa, mama mwenye mtoto mchanga maana mtoto akiivuta haikatiki na hakuna punje za kutawanyika, we ioshe tu. Anayependa kusali katikati ya watu bila kuonekana ataipenda sana, inajaa kiganjani yote. Anayetaka zawadi ya kung'aa ya siku ya Komunyo ya kwanza huenda mtoto asiifurahie akiona wenzake wana za kioo, ingawa ya kioo itakatika na hii itamkuta ukubwani.

Jambo jingine, kwa upendo tu: usiisali wakati wa Misa. Paulo wa Sita alilisema hilo pia katika waraka uleule wa mwaka 1974, kusali rozari katikati ya adhimisho la Liturujia ni kosa. Fika mapema usali kabla, au baki baada, na ukiisali kanisani, au na familia, au na jumuiya yenu, kuna rehema kamili ukitimiza masharti, kuungama, kupokea Ekaristi, kuombea nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi hata ndogo. Kamba hii au nyingine yoyote, masharti ni hayo.

Kwa nyota naipa nne kati ya tano, moja imebaki kwenye ule msalaba. Mtoto wangu wa ubatizo anajiandaa na Kipaimara, ya kwake nimeshaioda tayari, ila safari hii nimewaandikia waache ule wa mbao, wanifungie msalaba wa chuma wenye Mwili wa Bwana, wamekubali bila kuongeza kitu. Ikifika nitaongezea picha hapa na niwaambie kama fundo la kushikia chuma limekaa vizuri.